Itikia Marahaba

Atuganile alifika zahanati ya Lugombo saa mbili na robo asubuhi, amejifunga khanga mbili juu ya sweta, akikanyaga matope ya Aprili kwa uangalifu. Kutoka barabarani hadi mlangoni alikuwa amekwisha kuwasalimia watu sita. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Ndiye aliyewafundisha adabu watoto wa kata nzima, na adabu hiyo hiyo siku ile ilikuwa karibu imuue.

Tunsume, muuguzi mkuu, alimwona kupitia dirisha la chumba cha sindano. Aliona mkono wa kushoto ulivyobanwa ubavuni. Aliona jasho usoni, na baridi ya Rungwe asubuhi hiyo ilikuwa ya kumfanya mtu alale na soksi. Akaitua trei, akatoka mbio. Lakini alikuwa na miaka hamsini na sita, na magoti yake yalikuwa yametangulia kustaafu. Alichelewa kwa hatua nne.

"Shikamoo, Bibi," Atuganile alikuwa ameshasema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu," Bibi akaitikia kwa upole. "Weka kiganja, uniambie kinachokusumbua."

Tunsume akajipiga paja. "Ah, mwalimu!"

Bibi alikuwa kisanduku cha rangi ya maziwa kilichopigiliwa kando ya mlango, chenye sauti ya mwanamke mtu mzima na kibao cha chuma cha kuwekea kiganja. Hakuwa na macho. Waliomtengeneza walimnyima macho makusudi, wakamkataza pia kuuliza jina na ukoo, kwa sababu zamani kishada kilikuwa kikiitwa na watu, na watu wana mashemeji. Kishada ndiyo ile ambulensi ya angani yenye mabawa manne, inayomfikisha mgonjwa wa moyo hospitali kubwa kwa dakika kumi na tisa. Kipo kimoja kwa kata tano. Enzi hizo kiliwahi kumfuata shemeji wa diwani mwenye mafua, huku mzee wa watu anakata roho kata ya pili. Basi kikaondolewa mikononi mwa watu, akakabidhiwa Bibi peke yake, na kusema kweli mambo yalinyooka. Hata Tunsume, ambaye si mwepesi wa kusifu, alikubali hivyo.

Ila Bibi alihitaji kujua umri. Mstari wa moyo unaosomwa kiganjani saa za mwanzo mara nyingi haueleweki. Hausemi ndiyo, hausemi hapana. Kwa mzee, mstari wa namna hiyo ni wa kuitia kishada. Kwa kijana, kumbukumbu zilisema, mara tisini na tisa katika mia ni gesi, au msuli, au mzigo wa kuni. Na watu wa milimani ukiwauliza umri wanakutajia wanaoupenda. Ndipo fundi mmoja mwerevu akagundua jambo ambalo huku hakuna anayelikosea. Bibi akifikiwa, hunyamaza kwa pumzi tatu. Ukimwamkia, wewe ni kijana. Ukikaa kimya, yeye hukuamkia, na ukiitikia marahaba, wewe ni mzee. Fundi aliapa kwamba hakuna kijana wa Rungwe atakayekubali kuamkiwa na sauti kama ile. Alikuwa amesema kweli tupu.

"Ni chembe ya moyo tu, Bibi," Atuganile alikuwa akijieleza, kiganja juu ya kibao. "Jana nilikula maharage yaliyolala. Nimekunywa tangawizi tangu alfajiri, haijashuka."

"Mstari wako haujaeleweka, mwanangu. Inawezekana ni tumbo. Kaa kwenye benchi, nitakusikiliza tena baada ya saa mbili."

Taa ya njano ikawaka. Atuganile akasema asante, akageuka kwenda kwenye benchi. Tunsume akamdaka kiwiko, akampeleka nyuma ya jengo, kwenye tangi la maji, ambako Bibi hasikii.

"Kimeanza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, mama."

"Na ukakaa nyumbani na tangawizi yako."

"Nina miaka thelathini na minne. Nani anaugua moyo na miaka thelathini na minne?"

"Wewe," Tunsume akasema. Akampa aspirini. "Tafuna, usimeze nzima. Sasa nisikilize vizuri. Bibi anakikumbuka kiganja kwa nusu saa. Ikipita, anakipokea upya. Tutarudi pale mlangoni, na safari hii utanyamaza. Atakuamkia. Uitikie marahaba."

Atuganile alimtazama kama ameambiwa avue nguo sokoni. "Siwezi, mama."

"Tufanye mazoezi. Shikamoo, mwalimu."

"Mama, jamani..."

"Shikamoo!"

"Shi... shikamoo, mama."

"Unaona sasa? Mimi nakuamkia na wewe unaniamkia, tutakesha hapa." Tunsume alikuwa akicheka, lakini vidole vyake vilikuwa kwenye mshipa wa mkono wa mwenzake na havikupenda vilichokuwa vikikisikia. "Mwanangu, adabu yako ni nzuri mno. Lakini ukifa nayo leo utanitia kazi ya kuwaeleza wale watoto sitini. Mfikirie mama mkwe wako anavyoitikia. Haya, shikamoo."

Mara ya tano Atuganile akafumba macho, akavuta midomo chini, akatoa marahaba moja nzito, ya mtu mwenye wajukuu na shamba la migomba. Tunsume akampigapiga mgongo. Wakakaa juu ya jiwe wakisubiri nusu saa imalizike, na Tunsume alizihesabu dakika zile moja moja, akizichukia zote. Katika nusu saa ile kipande cha moyo wa mtu kilikuwa kinakosa damu kwa sababu ya neno moja la heshima.

Waliporudi mlangoni, Bibi alingoja pumzi zake tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Atuganile.

Kiganja kile kile, mstari ule ule. Taa nyekundu ikawaka papo hapo, Bibi akatangaza kwamba kishada kimeshaondoka. Kilipomnyanyua Atuganile, zilikuwa zimepita dakika arobaini na sita tangu alipoamkia. Tunsume akaenda ndani, akafungua daftari la Bibi. Palikuwa pameshaandikwa: kundi la wazee, moyo. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha au kusahihisha. Akiandika thelathini na nne, ofisi ya mjini itauliza mtu wa miaka hiyo alikuwaje akaitikia marahaba. Akathibitisha, kama alivyothibitisha wengine kumi kabla yake katika miaka saba. Akarudi kwenye sindano zake na moyo mweupe kabisa.

*

Nsajigwa alikuja mwezi uliofuata. Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wa Bibi. Kila mwaka alizunguka kwenye zahanati na mkoba wake, akachota kumbukumbu zote, akatengeneza somo jipya la kumfundishia. Alikuwa kijana wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye mazoea ya kubeba mandazi kwenye mkoba pamoja na waya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, chai ipo."

"Nimekuja na habari njema." Aliketi, akatandika karatasi mezani. "Unajua kwamba Lugombo haijapata kijana hata mmoja wa moyo kwa miaka saba? Hata mmoja! Nimewatania wenzangu kwamba ni hizi ndizi zenu. Halafu nikatazama zahanati nyingine, mia mbili na kumi na mbili zote. Karibu hakuna. Vijana wetu ni wazima kuliko tulivyodhani."

Tunsume alikuwa amebeba kikombe. Hakukifikisha mdomoni.

"Kwa hiyo somo la mwaka huu ni hili," Nsajigwa aliendelea kwa furaha. "Mtu akiamkia na mstari wake haueleweki, Bibi amrudishe nyumbani moja kwa moja. Hakuna njano tena. Kwa nini tumkalishe kijana saa mbili kwenye benchi kwa ajili ya gesi? Wewe ndiye shahidi wa kanda, unayesaini kwa niaba ya wauguzi wote. Ukisaini, Jumatatu ijayo linaingia kote."

Chai ikampalia Tunsume, ingawa hakuwa ameinywa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Nsajigwa akasimama kumgongagonga mgongoni, kijana wa watu asijue anamgonga nani.

Miaka saba aliamini kwamba anaiba dakika kutoka kwa mashine na kuwapa watu. Kumbe kila aliyemwokoa alikuwa amemwandika upande usio wake. Upande wa vijana ukabaki safi, unang'aa, na Bibi aliamini alichopewa, kama mtoto yeyote anavyomwamini mwalimu wake. Hapa Lugombo kulikuwa na mtu wa kunong'ona nyuma ya tangi. Kwenye zahanati isiyo na mtu huyo, kijana ataamkia, ataambiwa nenda nyumbani, naye ataondoka akisema asante. Tunsume aliona aibu iliyomshika mpaka shingoni, na hasira pia, wala hakujua hasira hiyo ni ya nani.

Angeweza kusema palepale. Lakini alijua kitakachofuata. Nsajigwa angelazimika kuuziba mlango wa marahaba siku hiyo hiyo. Sauti ya kuigiza si ngumu kuigundua ukishaambiwa uitafute. Na Bibi hafundishiki kwa siku moja. Katikati hapo, akija Atuganile mwingine, Tunsume atakuwa hana neno la kumpa. Aseme, amwache wa kesho afe? Anyamaze, awaache wa kata zisizo na mnong'ono wafe kila mwaka? Na yeye mwenyewe bado miaka minne astaafu.

"Niachie karatasi, baba," akasema. "Nitazisoma."

*

Alimkuta Atuganile nyumbani kwake, ameketi kwenye kiti kirefu barazani, anakagua madaftari. Alikuwa amenenepa mashavu kidogo. Alitaka kusimama aamkie, Tunsume akamrudisha kwa mkono.

"Kaa. Wewe kwangu umeshaitikia marahaba, hatudaiani heshima."

Wakacheka wote wawili. Atuganile akaeleza kwamba amerudi kufundisha, ila anafundisha ameketi, na ndoo ya maji hapandishi tena mlimani. Robo ya moyo ilikuwa imelala, daktari alisema, na haitaamka. "Akaniambia ningekuwa nimefika nusu saa mapema, ningekuwa ninaruka kamba na watoto. Nikamwambia, daktari, nilifika. Nilikuwa nasalimia."

Alisema hivyo bila kinyongo. Kinyongo alikuwa nacho Tunsume, na akakitoa chote pale barazani: somo jipya, karatasi, daftari la watu kumi na mmoja, mlango utakaozibwa. Atuganile alisikiliza kalamu ikiwa mkononi.

"Na ukisema, yule atakayekuja kesho utamfanyia nini?"

"Hapo ndipo nilipokwama, mwanangu. Nimekwama kabisa."

Mwalimu akatazama rundo la madaftari mapajani. Madaftari sitini, majina sitini yaliyoandikwa kwa herufi za kupinda.

"Hawa nawapeleka kwa Bibi kila mwanzo wa mwaka," akasema. "Nawapanga mstari, mmoja mmoja anamwamkia, asije mtu kuniaibisha. Miaka tisa, mama. Watoto zaidi ya mia tano. Wengine sasa wanaota ndevu." Akafunga daftari lililokuwa juu. "Nimewafundisha wote kurudishwa nyumbani. Sema, mama. Mimi nitasimama na wewe."

*

Tunsume akampigia Nsajigwa simu, akamweleza yote.

"Kumi na mmoja hawatoshi," Nsajigwa akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekalishwa chini. "Bibi habadili mawazo kwa watu chini ya sitini. Nikimpa kumi na mmoja, ataona ni makosa ya uandishi, atawatupa. Nami nitakuwa nimeshaziba mlango. Utakuwa umesema bure, mama."

"Nipe mpaka Jumatatu."

"Hiyo naweza. Zaidi ya hapo nitakuwa nimeficha."

Kila Jumamosi saa nne wauguzi wa kanda hukutana redioni kwenye baraza lao. Kwa kawaida wanazungumzia upungufu wa glavu na nani amejifungua. Jumamosi ile Tunsume aliomba kusema wa kwanza. Atuganile aliketi pembeni yake. Nsajigwa alikuwa mjini, anasikiliza, na Tunsume akawatangulizia wenzake jambo hilo ili asimtege mtu.

"Mimi ni Tunsume wa Lugombo," akasema. "Kwa miaka saba nimewaambia vijana kumi na mmoja wamdanganye Bibi. Niliwafundisha kuitikia marahaba, wakaokoka. Kisha nikawathibitisha kuwa ni wazee. Sasa Bibi haamini kwamba vijana wanaugua moyo, na kosa ni langu. Kama kuna mwingine miongoni mwenu aliyefanya hivyo, namwomba aseme. Najua ninachowaomba."

Redio ikakoroma. Tunsume alitazama kioo cha saa yake. Dakika nzima ikapita, kisha ya pili ikaanza, na Atuganile akaushika mkono wake.

"Mimi wawili," ikasema sauti ya mbali, ya mwanamke wa kata ya ziwani.

"Mimi mmoja. Dada yangu."

"Watano. Nilidhani niko peke yangu, nilikuwa silali."

"Sisi huku tuna kibao kabisa nyuma ya mlango wa choo," ikasema sauti ya mwanamume, mtu mzima, kwa aibu. "Kimeandikwa: usiamkie. Ni wanane."

Mtu akacheka, kisha watu wengi wakacheka, wauguzi wa milima mitatu, kicheko cha watu waliobeba mzigo uleule kila mmoja gizani kwake. Namba zikaendelea kuja. Atuganile alikuwa akizijumlisha nyuma ya daftari la mtoto mmoja, akipiga vijiti vitanovitano kama anavyofundisha. Walipomaliza alikuwa na sabini na watatu. Nsajigwa akaingia redioni kwa mara ya kwanza, akaamkia baraza zima. Aliwaomba kila mmoja aandike umri wa kweli kabla ya jioni.

Adhabu ilikuwepo. Kuwafukuza wauguzi arobaini na wawili kungefunga kanda nzima, kwa hiyo walikatwa likizo ya mwaka, na Tunsume aliyewatangulia akavuliwa uongozi wa zahanati. Alikabidhi funguo kwa msichana aliyemfundisha mwenyewe, akaenda kuchoma sindano kama zamani. Alisema magoti yake yameshukuru.

Wiki saba Bibi alikuwa darasani, na mlango wa marahaba ulikuwa umezibwa. Ndizo wiki ambazo Tunsume aliziogopa. Alihamisha meza yake ya sindano karibu na benchi, akawa anamkamata mkono kila kijana wa njano na kumtafunisha aspirini, awe na gesi au asiwe nayo. Kwake hakufa mtu. Kata ya ziwani alikufa mmoja, fundi cherehani wa miaka thelathini na tisa, na Tunsume alisafiri kwenda kumzika. Alikaa na mama wa marehemu mpaka matanga yakaisha. Hakujisamehe, lakini pia hakujuta, na aliyaona mambo hayo mawili yanakaa pamoja ndani yake bila kugombana.

Somo la wale sabini na watatu lilipoingia, kishada kikaanza kuruka ovyo. Mara nne mfululizo kilikuja kufuata gesi. Rubani wake alishuka mara ya nne akauliza kama Lugombo wameacha kabisa kuloweka maharage, na Tunsume akamkaribisha chai akamwambia anywe taratibu.

Mara ya tano ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi, jua limetoka. Kijana aliingia uani na buti za shamba la chai, amejishika taya kama mwenye jino bovu. Tunsume alimwona dirishani. Akaitua trei, akatoka mbio.

"Shikamoo, Bibi," kijana alikuwa ameshasema.

"Marahaba, mwanangu. Weka kiganja. Mstari wako haujaeleweka. Niambie, umeanza lini? Unashuka mkononi? Kuna mtu kwenu aliyewahi kuugua moyo?"

"Tangu nilipoamka. Mkononi, ndiyo. Baba."

Taa nyekundu ikawaka. Tunsume akafika mlangoni anahema. Zilikuwa zimepita dakika mbili, na kishada kilikuwa kimeshaondoka. Alisimama pale na mdomo wazi, mnong'ono wote ameuandaa, hana wa kumpa. Machozi yakamjia ghafla akayaacha yashuke, kwa kuwa alikuwa na furaha na hakuona sababu ya kuificha. Akamkalisha kijana kwenye benchi, akampa aspirini atafune, akalifungua daftari juu ya goti.

"Una miaka mingapi, baba?"

"Ishirini na tisa, mama."

Akaandika ishirini na tisa.